Nimeisha au Naumwa?

Homa yangu ilikuwa inakuja saa kumi jioni, kama mgeni anayejua chai ya nyumba hiyo inachemshwa saa ngapi. Asubuhi nilikuwa mzima. Mchana nilikuwa mzima kiasi. Jua likianza kuinamia upande wa Masieda, baridi ilipanda kutoka visiginoni, ikapita magotini, ikaweka kambi kiunoni, na mimi nikaingia kitandani na koti, soksi, na blanketi la mtoto juu yake. Baada ya baridi lilikuja joto, na baada ya joto jasho. Mke wangu Paulina alibadilisha mashuka bila kulalamika, ila siku moja alisimama na shuka mkononi, akalinusa, akasema, "Baba Neema, jasho lako linanuka kama majani makavu yaliyonyeshewa." Tulicheka. Hatukujua kwamba harufu nayo ni dalili.

Naandika haya nikiwa nimepona. Nawaandikia watu wawili: yule ambaye homa yake haionekani kwenye vipimo, na yule ambaye watu wameanza kumwambia ameisha. Mimi nilikuwa wote wawili kwa pamoja, na kwa karibu mwaka mzima sikujua yupi kati yao ndiye mimi.

Mimi ni bondia. Usicheke, hata huku kwetu milimani mabondia wapo. Nilizaliwa Masieda kwenye mahindi na maharage, nikaoa, nikahamia Dongobesh, na jioni zangu za ujana nilizimalizia kwenye ghala la vitunguu saumu lililo nyuma ya maduka. Mwenye ghala alimwachia kocha Sulle sehemu ya nyuma, naye akatundika begi la mchanga na matambara, akachora ulingo sakafuni kwa chokaa. Mpaka leo nikisikia harufu ya kitunguu saumu mikono inajikunja yenyewe. Ulingoni niliitwa Nyundo. Jina hilo nilijipa mwenyewe, maana ukisubiri watu wakupe jina watakupa la kukuaibisha.

Kocha Sulle haangalii mikono ya bondia. Anakaa kwenye kreti, kichwa amekiinamisha, utadhani amesinzia, kumbe anaangalia miguu. Anasema mkono una kiburi, unaweza kudanganya watu miaka mingi, lakini mguu hauna siri. Kwa miguu tu alikuwa anajua nani amelala vizuri, nani amekunywa jana, nani amegombana na mkewe. Tulimwogopa kama mama mwenye nyumba.

Kiangazi kile nilipigana Katesh na kijana kutoka Babati. Kabla ya kengele tuligusana glavu, naye akainamisha kichwa akaniambia, "Shikamoo." Nikamjibu marahaba na kinga ya meno ikiwa mdomoni. Watu wa viti vya mbele waliangua kicheko, na mimi nikajua kwamba jioni ile itakuwa ndefu. Nilikuwa nimeshaanza kuumwa, ila sikujua. Nilichokijua ni kwamba ulingo umekuwa laini kama shamba lililolimwa jana, na kila nilipotaka kutokea kushoto, mguu ulibaki nyuma kidogo, kama unaniuliza una uhakika. Nilishindwa kwa pointi. Yule kijana alinikumbatia kwa adabu sana, na adabu ile iliniuma kuliko ngumi zake.

Tukiwa njiani kurudi, kocha Sulle alingoja mpaka tulipoanza kupanda milima. Kisha akasema, "Tluway, umeisha. Si aibu. Kila mtu ana mwisho wake. Pumzika."

Hakusema kwa ubaya. Lakini neno lile lilinikaa kifuani, likanenepa. Kinyozi alilisikia, muuza nyama alilisikia. Vijana wa stendi wakaanza kuniambia nyundo siku hizi imebaki mpini. Nilicheka nao, kwa sababu utani ulikuwa mzuri, nikarudi nyumbani nikanuna.

Nilikuwa na miaka thelathini na nne. Ndani yangu palikuwa na swali moja tu: nimeisha au naumwa? Kama naumwa, nitatibiwa, nitarudi ulingoni, na kocha atakula maneno yake. Kama nimeisha, sina cha kusubiri. Nilijikuta naomba niwe mgonjwa. Nilipiga magoti kanisani nikamwomba Mungu anipe ugonjwa wenye jina. Najua ni maombi ya ajabu, lakini mtu akikuambia umeisha na hujawa tayari, unaomba chochote.

Ugonjwa ulikataa kutaja jina. Nilipimwa malaria, hakuna. Nikapewa dawa za taifodi, nikamaliza, nikapewa tena. Magoti yaliuma, kisha yakaacha, kisha uti wa mgongo ukapokea zamu. Ukinikuta asubuhi ninapasua kuni ungesema huyu anatafuta visingizio. Kocha aliposikia malaria haipo, alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu aliyeona mlango wa mwisho umefungwa.

Hapo ndipo Paulina alipoamua kunipeleka kwao.

Kwao ni Dirma, chini huko Hanang, kwa wafugaji. Ukishuka kutoka kwetu kwenye ukungu unahisi kama umevuliwa kofia: mbingu inakuwa kubwa, nyasi zinakuwa za njano, na mlima Hanang unakaa pale mbele siku nzima bila kusema neno. Mama mkwe wangu anaishi hapo na ng'ombe wake na mtoto wake wa mwisho wa kiume. Kwao mkwe wa kiume hamzoei mama mkwe. Unamwamkia kwa heshima, anakuitikia, kila mtu anarudi upande wake. Miaka yote ya ndoa yetu nadhani tulikuwa tumeongea maneno ya kutosha kujaza kikombe kimoja. Lakini aliponiona nateremka nikiwa nimekonda, mifupa ya uso imetokeza, hakungoja salamu iishe. Alimwambia Paulina kwa lugha yao, na Paulina akanitafsiria: "Mama anasema hakuna bondia hapa. Kuna mtu anayehitaji maziwa."

Nilinywa maziwa, kama nilivyoyanywa kila tulipokwenda kuwasalimia. Niliyanywa asubuhi na jioni, yakiwa na povu, yakiwa bado na joto la ng'ombe, kutoka kwenye kibuyu kilichofukizwa kwa moshi wa mti mpaka maziwa yenyewe yananukia. Hakuna kinywaji kinachoyafikia. Nilikaa kwenye kivuli cha ukuta, mlima mbele yangu, kibuyu mapajani, nikaona siku zinapita kwa mbali kama zinamhusu mtu mwingine. Na baada ya wiki moja homa ikaondoka. Saa kumi ikafika, nikaisubiri, haikuja. Nilikimbia mpaka kisimani na kurudi. Paulina alilia kwa furaha, na mama mkwe akakamua ng'ombe wa pili kwa ajili yangu.

Kumbe ugonjwa huu una tabia ya kuaga na kurudi. Tulirudi Dongobesh na galoni la maziwa, na maziwa yalipokwisha homa ikagonga mlango. Sasa nyumba nzima tukawa na akili moja: homa inarudi kwa sababu maziwa yamekwisha. Paulina akapiga simu Dirma. Toka hapo kila siku ya mnada galoni lilipanda basi likaja. Nikizidiwa nilinywa zaidi. Nikipata nafuu tulisema maziwa hayo. Nikizidiwa tena tulisema hayakutosha. Vuli yote ilipita hivyo, na mimi nilizidi kukonda huku nikinywa maziwa kama ndama.

Ndoto za homa sitazisahau. Niliota ulingo umewekwa juu ya ukungu wa Masieda, unaelea, kamba zake zimefungwa kwenye matawi. Watazamaji walikuwa ng'ombe. Walinizunguka kwa adabu, wakicheua, na refa alikuwa anahesabu juu yangu, lakini kila akikaribia kumi alisahau na kuanza upya. Sikuogopa. Nililala pale chini nikasikiliza ile sauti ya kucheua, na ilikuwa tamu mno, nikawaza kwamba kama huku ndiko kuisha basi si kubaya. Nilipoamka shuka limelowa na Neema, binti yetu, amesimama mlangoni anauliza kama nimekojoa.

Masika ilipoanza niliamka asubuhi moja korodani moja imevimba. Samahani kwa kulisema wazi, lakini kuna mwanaume mahali fulani anasoma haya na amekuwa akificha kitu hicho hicho. Usifiche. Mimi nilificha siku kadhaa, nikawa natembea kama mtu aliyebeba yai, mpaka Paulina akasimama mbele yangu na mikono kiunoni. "Utaniambia au nimwite kocha aangalie miguu yako?" Nikamwambia. Kesho yake tulipanda gari kwenda hospitali.

Tulikaa kwenye benchi refu, mvua inapiga mabati kiasi kwamba watu walikuwa wakiitwa majina na hawasikii. Makoti yalitoa mvuke. Mzee mmoja pembeni yangu alikuwa na jogoo ndani ya kikapu, amempeleka sokoni, mvua imemkuta, akaamua apime presha akiwa njiani. Jogoo aliniangalia kwa jicho moja muda mrefu. Nilikuwa na homa kidogo, na katika homa ile benchi zima lilionekana kama mtumbwi uliotulia ziwani, sisi sote tumekaa ndani yake, hakuna anayepiga kasia, hakuna aliye na haraka. Nilimwegemea Paulina nikalala. Ulikuwa usingizi bora niliowahi kuupata kwa miezi mingi.

Daktari alikuwa dada kijana mwenye sauti ya chini. Hakuharakisha. Alinishika magoti, mgongo, na kule kwingine, kisha akauliza, "Mnafuga?"

"Mimi silazimiki kufuga," nilimjibu kwa majivuno, "mama mkwe ana ng'ombe Dirma."

"Maziwa mnayanywaje?"

Hapo ndipo nilipojisifu. Nilimweleza kibuyu, nikamweleza povu, nikamwambia hatuyachemshi maana moto unaua nguvu yake. Daktari aliacha kuandika. Paulina, ambaye ana akili kuliko mimi, alianza kuziba mdomo wake polepole kwa kiganja.

Damu ilipimwa. Jibu lilikuwa brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, na kwangu ulikuwa umeingia kwa maziwa mabichi. Daktari alisema dawa ni za mwezi na nusu, na sindano za mwanzo, na nisimeze vidonge na maziwa hata yaliyochemshwa, maana yanaizuia dawa. Akasema pia kila anayekunywa maziwa hayo na anaumwa viungo au homa, aje apimwe.

Nilifurahi. Niliinuka nikampa daktari mkono kama nimetangazwa mshindi. Nina ugonjwa! Una jina! Niligeuka nimwone Paulina, nikakuta macho yake yamejaa machozi, na hayakuwa ya furaha. Alikuwa anawaza mama yake.

Jaribu kumwambia mfugaji kwamba maziwa yake yamekuumiza. Kwao kukataa maziwa ya mtu ni kumkataa mwenyewe, na huyu mama alinipa kilicho bora kuliko vyote alivyonavyo. Usiku Paulina alisema niseme mimi, mimi nikasema ni mama yake. Akasema mgonjwa ni wewe. Nikasema maziwa ni ya kwenu. Aliposikia "ya kwenu" aliingia chumbani, akalala na Neema, na kwa siku tatu tulipitana ndani ya nyumba kama wapangaji. Naweza kusema kwamba sindano hazikuniuma kama siku zile.

Mwishowe tulishuka Dirma wote. Paulina alimweleza mama yake kwa lugha yao, taratibu, na mimi nilikaa mbali kidogo nikiangalia mlima. Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa ameketi kwenye kigoda, fimbo yake mapajani, maana miaka mingi sasa alikuwa hasimami bila fimbo. Kisha akanigeukia mimi, akasema kwa Kiswahili chake:

"Maziwa yangu ndiyo yamekupiga?"

"Si yako, mama," Paulina akadakia. "Ni ya ng'ombe."

Mama mkwe hakucheka. Aliangalia zizi. Akasema mwaka jana ng'ombe kadhaa walitupa mimba, naye alidhani ni ukame. Upepo ulipita kwenye nyasi, ukapita tena, na nilihisi kama tumekaa pale tangu mlima ulipokuwa mdogo. Halafu Paulina akamuuliza kitu nilichokielewa hata bila tafsiri, kwa sababu alimgusa goti.

"Hii ni uzee," mama mkwe akasema, akiipiga fimbo. "Hii haina dawa."

"Na jasho la usiku, mama? Na mgongo?"

"Uzee."

"Twende ukapimwe."

"Nikapimwe uzee?"

Ilibidi nimwombe mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri, maana haikuwa desturi. Nilimwambia, "Mama, mimi naogopa sindano. Twende wote." Ilikuwa kweli kabisa. Nimepigwa ngumi za kila aina, lakini nikiona sindano natoa jasho viganjani. Mama mkwe aliniangalia usoni, nadhani kwa mara ya kwanza, na nadhani alinihurumia. Alikuja. Damu yake ikapimwa, nayo ikawa na jibu lile lile.

Basi ndivyo mama mkwe wangu alivyohamia Dongobesh kwangu, jambo ambalo ndugu zake walilishangaa. Ng'ombe alimwachia mwanawe, na mtaalamu wa mifugo akapita kuwapima. Kila asubuhi tulikwenda zahanati kuchomwa sindano, yeye mbele na fimbo, mimi nyuma hatua chache kwa heshima, Paulina katikati kama refa. Tulikaa benchi moja, yeye mwisho huu, mimi mwisho ule. Siku za kwanza tuliangalia ukuta. Baadaye tukaanza kuulizana kwa kichwa: umelala? Nimelala kidogo. Mimi pia. Muuguzi akitokea mlangoni na trei, mama mkwe alitangulia kuinuka, akaingia bila kusita, akatoka akiwa ananitazama kwa uso wa kusema si kitu, ingia. Nilikuwa naona aibu kutoingia.

Vidonge vilitusumbua tumbo. Kimoja, chekundu, kiligeuza mkojo rangi ya machungwa, na nilidhani nimekufa tayari mpaka nilipomsikia mama mkwe akimnong'oneza Paulina na Paulina akacheka mpaka akakaa chini. Jua la mchana lilinichoma ngozi kwa sababu ya dawa, nikawa navaa kofia ya mke wangu ya kwenda shamba. Kocha Sulle alinikuta nimekaa barazani hivyo, kofia ya maua kichwani, mama mkwe upande wa pili anachambua maharage. Alikaa. Nilimweleza brusela. Alisikiliza akiangalia miguu yangu iliyokuwa ndani ya ndala.

"Basi sijui," akasema. "Katesh nilikuwa namwangalia nani? Wewe au huo ugonjwa? Pona kwanza, nikuone."

Nikampenda sana wakati ule. Watu wachache wanaweza kulirudisha neno walilokwisha kulitoa.

Na maziwa? Mama mkwe aliyachemsha. Alisema yananuka sufuria, alisema kumpa mtu maziwa ya kuchemsha ni kama kumpa nguo iliyovaliwa, lakini aliyachemsha mpaka yakapanda, akayapoza, akaja mwenyewe mpaka kwenye kiti changu saa ambazo si za dawa, akaniwekea kikombe. Hakutuma mtoto. Nilikunywa chote mbele yake. Yalikuwa maziwa matamu tu, kwa kweli, ila sikumwambia.

Mahindi yalipokauka dawa zilikwisha. Saa kumi ilifika na kupita bila mgeni, na nilichukua muda mrefu kuacha kumsubiri. Baridi ya Julai ikaja na ukungu wake, tukavuna, na katikati ya kuvuna nilimwona mama mkwe akiinama, akiinuka, akiinama, akiinuka na gunzi mkononi. Fimbo ilikuwa imeegemezwa kwenye mti. Yeye mwenyewe hakuwa ameona. Paulina alinishika mkono ili nisiseme kitu, na tukasimama pale kwenye mabua tukimwangalia mpaka akageuka akatuuliza kama kazi imekwisha.

Mimi nami nilirudi ghalani. Nilianza na kamba, kisha begi, kisha mbio za asubuhi kwenye vumbi. Mwili ulirudi kama watoto wanavyotoka shuleni, mmoja mmoja, kisha wote kwa kelele. Nilinenepa mabega. Mgongo ulinyamaza. Nilikuwa nikilala na kuamka mkavu. Niliwaambia vijana wa stendi wajiandae kuomba msamaha.

Kiangazi kilipokolea kocha alisema siku imefika. Alinipangia raundi tatu na Danieli, kijana wake mpya, ana miaka ishirini, mtoto wa mwalimu, mpole sana nje ya ulingo. Paulina alikuja. Mama mkwe, aliyekuwa amesharudi kwake, alikuwa amepanda kutoka Dirma kututembelea, naye akaja, akakaa mlangoni kwenye gunia tupu. Kocha alikaa kwenye kreti lake, kichwa akakiinamisha.

Raundi ya kwanza nilitaka kuimba. Miguu ilinitii. Nilitoka kushoto, nikatoka kulia, chokaa ikawa inavuka chini ya viatu kama barabara chini ya gari. Hakuna goti lililouma. Jasho lilikuwa la chumvi tu. Nilimtandika Danieli ngumi za jebu za kutosha, nikamsikia Paulina akipiga kelele.

Raundi ya pili niliiona ngumi yake ya kulia ikitoka. Sijawahi kuiona ngumi vizuri vile. Nilikiona kiwiko kikiachana na mbavu, nikaliona bega likizunguka, niliiona glavu yenyewe na ule uzi uliochomoka karibu na kidole gumba. Kila kitu kilikuwa kimya na kizuri. Nilikuwa na nafasi ya kuwaza: hii ni ya kulia, inama. Nikainama. Ilikuwa imeshafika.

"Samahani, kaka," Danieli akasema.

"Piga kazi," nikamwambia.

Ikaja tena. Niliiona tangu mwanzo wake. Kichwa kilikuwa safi, macho safi, hakuna homa, hakuna ukungu, hakuna maziwa. Niliagiza mwili, mwili ukatii, na kutii kwake kulifika baada ya ngumi. Raundi ya tatu nilijaribu kila ninachokijua, na ninajua mengi. Nilimkimbiza, nikamnasa kwenye kona, watu waliokuwa wakichungulia dirishani walipiga makofi. Wao waliona bondia aliyepona. Mimi nilikuwa nazihesabu zile zilizofika, nikaacha kuhesabu.

Kocha aliinua kichwa. Alikuwa anatabasamu, kitu ambacho hakifanyi mara nyingi. "Miguu imerudi, Tluway. Nilikosea. Nikutafutie pambano kabla ya vuli?"

Mwaka mzima niliyasubiri maneno yale. Niliyaota, niliyaombea. Niliyaacha yakae hewani kidogo niyafurahie.

"Kocha, nimepona," nikasema. "Na nimemaliza."

"Kwa nini? Umeona nini?"

"Nimeziona ngumi zake zote."

"Sasa?"

"Zote zimenipata."

Alinitazama, safari hii machoni, si miguuni. Kisha akaitikia kwa kichwa, polepole, akamwambia Danieli akanywe maji.

Nilikwenda nikakaa mlangoni, Paulina akapiga magoti mbele yangu kunifungua mikono. Nilimweleza kwa maneno machache, na mama mkwe akamwomba amtafsirie, akamtafsiria. Mama mkwe aliwaza. Uso wake ulianza kubadilika, kama mtu anayezuia chafya.

"Mimi nilisema ni uzee," akasema kwa Kiswahili, akijionyesha magoti, "kumbe naumwa."

"Ndiyo, mama."

"Na wewe ulisema unaumwa..." Akasita. Mama mkwe hamwambii mkwe wake neno kama lile. Aliangalia pembeni, midomo imebana.

"Kumbe nimezeeka, mama," nikamalizia.

Alicheka mpaka akashika mbavu. Nami nikacheka, nikacheka sana, kisha nikalia pale pale mbele yake, na Paulina akaendelea kuzungusha bandeji mpaka mkono wa pili ukatoka.